Umeletewa barua ya patenti juu ya springi za gari? Fundi wa Malindi, fuata hatua hizi

Kazi ya springi huku kwetu haiishi. Malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni yanarudi na majani ya springi (vile vyuma bapa) yamekatika, tuktuk zashinda zikiruka mashimo ya Maweni na Kisumu Ndogo, Probox zapandia Langobaya na Baricho zimejazwa mpaka bampa ya nyuma inagusa mchanga, halafu juu ya yote hayo hewa ya bahari inakula chuma usiku na mchana. Ndo maana mafundi wetu wanabuni. Mmoja anaongeza jani la msaada, mwingine anabadilisha bushi, mwingine anachomelea kikamba chake mwenyewe cha chuma cha kushikilia mkono wa nyuma wa tuktuk usicheze, na kitu kikifanya kazi vizuri wateja wanakuja kutoka Mambrui na Watamu kukitafuta. Hapo ndo ugomvi unapoanzia. Siku moja unaletewa barua yenye mhuri, inakwambia hicho unachotengeneza kina patenti ya mtu, yani haki ya kisheria ya aliyekibuni, acha mara moja na ulipe.

Naandika haya sababu naona watu wanaogopa barua na kufunga kazi bila hata kuuliza, na wengine wanaitupa barua wakidhani haina maana. Yote mawili ni hasara. Ugomvi wa patenti unaamuliwa na vitu viwili tu, maneno ya madai (sentensi zenye namba zinazosema nini hasa kinalindwa) yaliyoandikwa kwenye ile patenti na tarehe. Haujali vitu viwili vinafanana vipi kwa macho, wala nani ana duka kubwa. Ukishika hilo hatua zote zilizobaki utazielewa.

Hatua ya 1: Pokea, andika tarehe, usikubali kitu

Barua ikifika andika juu yake siku uliyoipokea na nani kaileta, piga picha, weka mahali. Usimpigie aliyeiandika ukaanza kujitetea, na usimtumie voisi ya WhatsApp ukisema "mimi nilikuwa sijui boss, nitaacha", maana maneno hayo kesho yatasomwa kama umekiri. Mjibu kwa maandishi mafupi ya heshima, umuombe vitu vitatu: namba ya patenti, nchi ilikosajiliwa, na nakala ya ukurasa wa madai. Mwenye patenti ya kweli atakupa, hana cha kuficha, ile ni karatasi ya umma. Anayezunguka zunguka kila ukimuuliza namba, huyo ushaanza kumjua.

Na ujue hili pia. Sheria yetu ya Mali ya Viwandani ya 2001 inampa haki hata anayetishwa. Kama unaweza kuonyesha kwamba unachofanya hakigusi patenti ya mtu, unaruhusiwa kwenda wewe mwenyewe kwenye Baraza la Mali ya Viwandani uombe vitisho visimamishwe, na kama umepata hasara sababu ya vitisho hivyo uombe fidia. Watu wengi hawajui hili kabisa.

Hatua ya 2: Jua ni haki ya aina gani

Hapa watu wanachanganya sana, hata wenye maduka ya spea. Ukikamatwa unauza shokabzoba zilizowekwa kwenye boksi lenye jina la kampuni isiyozitengeneza, hilo si suala la patenti, hilo ni jina la biashara na bidhaa bandia, linashughulikiwa na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia chini ya sheria ya 2008, na huko hutoki kwa kusema springi ni kitu cha zamani. Kama umebandika nembo ya mtu, ibandue leo, usingoje barua.

Patenti yenyewe inalinda namna kitu kinavyofanya kazi, na inaishi miaka 20 tangu siku maombi yalipowekwa. Kuna cheti cha yutiliti modeli, hiki ni kama patenti ndogo, kinaishi miaka 10 na hakiongezwi. Halafu kuna usajili wa dizaini, huo unalinda sura ya kitu tu, yani umbo na mapambo, miaka 5 na unaweza kuhuishwa mara mbili. Sasa springi mara nyingi imejificha chini ya gari, hakuna anayeinunua kwa urembo, kwa hivyo mtu akikwambia ana "dizaini" ya springi muulize ni sura anayoilinda au ni kazi.

Kulikuwa na kesi Marekani inayofundisha hapa, TrafFix na Marketing Displays, Mahakama ya Juu kabisa ya kule iliiamua 2001. Ilikuwa ni springi mbili zinazoshikilia kibao cha barabarani kisiangushwe na upepo. Patenti zake zilikuwa zimekwisha muda, Marketing Displays ikajaribu kudai kwamba ule muonekano wa springi mbili bado ni wake. Mahakama ikakataa, sababu springi mbili zile zipo pale kufanya kazi, na kazi ile ndo ilikuwa kwenye patenti iliyokwisha. Ni kesi ya huko, haifungi mahakama zetu, lakini hoja yake unaweza kuibeba.

Hatua ya 3: Angalia nchi, halafu angalia kama bado iko hai

Patenti ni ya nchi. Iliyosajiliwa Marekani au Japani peke yake haina nguvu Malindi, hata ingekuwa ya kampuni kubwa namna gani. Ili ikufikie hapa lazima iwe imepewa na KIPI, ile taasisi ya mali ya viwandani iliyoko South C Nairobi, au imepitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la mali ya ubunifu kule Harare, na Kenya ikatajwa ndani yake. Maombi ya kimataifa ya PCT (ule mkataba wa nchi nyingi juu ya patenti) nayo yapo, lakini yale ni maombi tu, mpaka yafike kwenye ofisi inayohusu Kenya na yakubaliwe ndo yanakuwa patenti.

Mfano mzuri uko kwenye baiskeli za milimani. Kuna mfumo wa suspensheni ya nyuma unaoitwa Horst link, jina limetokana na Horst Leitner aliyeubuni, na kampuni ya baiskeli ya Specialized ndo waliokuja kuinunua patenti yake. Marekani aliyetaka kuutumia alitakiwa aongee na Specialized. Lakini makampuni ya Ulaya yaliuza baiskeli zenye mfumo uleule kwao Ulaya, sababu patenti ile haikuwashika kule. Springi ni ileile na vyuma ni vilevile, mpaka ndo uliokuwa tofauti. Ila kumbuka upande wa pili wa jambo hilo, ukitengeneza kikamba chako hapa kihalali halafu ukaanza kukiuza Afrika Kusini au Uingereza, huko itabidi uangalie upya.

Uhai sasa. Patenti inalipiwa ada kila mwaka, asipolipa mwenyewe inakufa hata kama ile miaka 20 haijafika. Kwa hivyo ulizia KIPI hali ya namba uliyopewa, usiamini karatasi iliyochapishwa zamani. Na zilizokufa kwa umri ni nyingi kuliko mnavyodhani. Chukua strati ya MacPherson, ule mfumo wa mbele ambapo shokabzoba na springi ya koili vimekaa pamoja kama nguzo moja. Earle MacPherson aliombea patenti 1947 akiwa General Motors, ikatolewa Marekani Januari 1953, yeye keshahamia Ford. Wakati huo patenti ya Marekani ilikuwa inaishi miaka 17 tangu kutolewa, hesabu mwenyewe. Leo ukifungua tairi la mbele la Probox au Vitz ndo unaukuta mfumo huo, na hakuna mtu duniani anayeweza kukushika kwa ule mpangilio wenyewe. Kinachoweza kuwa na patenti mpya ni nyongeza, labda beringi ya juu ya namna fulani au kifuniko cha kuzuia mchanga, na hiyo nyongeza tu.

Hatua ya 4: Soma madai, neno kwa neno

Hii ndo hatua yenyewe, hapa usiwe na haraka. Karatasi ya patenti ina maelezo marefu, ina michoro, halafu mwishoni ina sentensi zenye namba, hizo ndo madai. Maelezo yanaweza kuzungumzia kila aina ya springi tangu dunia iumbwe, michoro inaweza kufanana na kitu chako kama pacha, lakini kinacholindwa ni kile kilichotajwa kwenye madai basi. Ni kama bikoni za shamba, mzee anaweza kukuonyesha kwa mkono mpaka kule kwenye mkorosho, lakini mpaka ni pale bikoni zilipo.

Chukua dai namba 1, maana hayo mengine mara nyingi yanalitegemea hilo. Chukua karatasi, ulikate vipande. Tuseme dai linasema hivi: mfumo wa springi wa gari wenye (a) pakiti ya majani mawili au zaidi, (b) jani la msaada lililo chini ya ekseli na lisilobeba mzigo mpaka gari lishuke kiasi fulani, (c) bushi ya raba iliyofungwa ndani ya kikombe cha chuma kisichoingiza maji, na (d) kipini cha sheko (kile kiungo kinachoshika ncha ya springi) chenye tundu la grisi katikati. Haya, sasa nenda chini ya gari na tochi, na kila herufi uiangalie. Majani yako mangapi? Jani la msaada liko juu ya ekseli au chini? Bushi yako iko kwenye kikombe kilichozibwa au imekaa wazi? Kipini kina tundu? Andika ndio au hapana mbele ya kila herufi, na upige picha kila moja na rula ikiwa kando ili vipimo vionekane.

Kanuni ni kwamba lazima uwe na vyote ndo uwe umeingilia. Kama una (a), (b) na (d) lakini bushi yako iko wazi na haina kikombe, basi hilo dai kwa maneno yake halijakushika. Mwanasheria wa upande wa pili atajaribu kusema kitu ulichoweka badala yake kinafanya kazi ileile kwa njia ileile, kwa hivyo usitosheke kuandika "hapana", andika na sababu: yangu iko wazi ili maji ya chumvi yatoke na bushi ibadilishwe kwa nyundo na bomba, haizuii maji wala haijakusudiwa kuzuia. Maelezo kama hayo ya fundi aliyelala chini ya gari yana uzito, wakili hawezi kuyabuni ofisini.

Na kinyume chake pia. Kuongeza kitu hakukuokoi. Kama una vyote vinne halafu ukaongeza yubolti nene na jani la tano, bado umeingilia, sababu vile vinne vipo palepale. Hapa ndo wengi wanajidanganya, anasema "mimi nimeboresha", ni sawa umeboresha, lakini umejenga juu ya kiwanja cha mwenzio.

Hatua ya 5: Tafuta cha zamani

Kama vipande vyote vinne unavyo, bado hujashindwa. Patenti inatakiwa iwe juu ya kitu kipya, ambacho fundi wa kawaida asingekifikia kirahisi. Ukipata kitabu, katalogi, patenti nyingine au gari lenyewe lililokuwa na mpangilio uleule kabla ya tarehe ya maombi yake, patenti yake inayumba. Na kwenye springi vitu vya zamani vimejaa, majani ya springi yalikuwa kwenye mikokoteni ya farasi kabla ya injini, jani la msaada linaloshika mzigo ukizidi lipo kwenye malori miaka na miaka. Tafuta bure kwenye Espacenet, Patentscope ya WIPO (shirika la dunia la mali ya ubunifu) na Google Patents. Andika maneno kwa Kiingereza huko ndo utapata, na ukipata patenti moja inayokaribia angalia zile zilizotajwa ndani yake, moja inakupeleka kwa nyingine. Katalogi za zamani za malori ziko kwenye makabati ya gereji za hapahapa, zipulize vumbi, angalia mwaka uliochapishwa. Ila ujue maombi hutangazwa baada ya miezi 18, kwa hivyo yaliyowekwa karibuni hutayaona.

Kuomba patenti ifutwe kuna muda wake, miezi 9 tangu kutangazwa kwamba imetolewa, usilale.

Kuna na kinga nyingine ambayo kwa mafundi wetu naona ndo muhimu kushinda zote. Kama ulikuwa tayari unakitengeneza kitu hicho kwa nia njema kwenye biashara yako, ama ushafanya maandalizi ya kweli ya kukitengeneza, kabla mwenzio hajaweka maombi yake, sheria inakuruhusu uendelee. Lakini uthibitishe. Hapa ndo risiti zinapoongea: kitabu cha risiti chenye namba ya gari na kazi iliyofanywa, M-Pesa ya mteja, picha ya simu ambayo tarehe yake haijaguswa, risiti ya vyuma kutoka hadweya. Fundi asiye na kitabu anabaki na mashahidi wa mdomo, na kesi za tarehe zinawachosha mashahidi wa mdomo. Kama huna kitabu, anza kesho asubuhi.

Hatua ya 6: Unatengeneza ama unarekebisha?

Gari likishauzwa na mwenye patenti au kwa ruhusa yake, iwe Kenya au nchi nyingine, haki yake juu ya gari hilo imeishia hapo. Mteja anaweza kulitumia, kuliuza, na kulirekebisha. Kubadilisha jani lililokatika, kukaza yubolti, kutia senta bolti mpya, kugonga springi iliyolala irudi, hiyo ni marekebisho. Lakini ukianza kutoa kifaa kizima kipya chenye patenti iliyo hai, ukakipanga rafu nzima na kuuza kwa jumla, hapo umetoka kwenye kurekebisha ukaingia kwenye kutengeneza. Mstari kati ya hayo mawili haujanyooka kila mahali, kwa hivyo kama kazi yako iko pale katikati, muone wakala wa patenti kabla hujaongeza mashine.

Hatua ya 7: Kama wewe ndo uliyebuni

Sasa tugeuze. Kijana wa Barani kabuni bushi isiyoliwa na chumvi, kila mtu anaitaka. Kitu cha kwanza atakachofanya ni kuirusha TikTok. Nakuomba kaka, ngoja kwanza. Kenya inakupa miezi 12 tangu ulipoionyesha mwenyewe uwe umeweka maombi, lakini Ulaya hawana huruma hiyo, ukishaionyesha hadharani kwao si mpya tena. Kwa hivyo weka maombi kwanza KIPI, halafu una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukitumia tarehe ileile ya kwanza.

Kwa kazi nyingi za gereji mimi ningekwambia uende na yutiliti modeli. Haikudai uthibitishe ule ugunduzi mkubwa, inatosha iwe mpya na iweze kutengenezwa. Madai yako yaandike mapana ya kutosha mtu asiyakwepe kwa kuhamisha bolti moja, lakini yasiwe mapana mpaka yakaumeza mkokoteni wa babu yako, maana hapo utafutiwa. Kazi hii ya kuandika madai mlipe mtu anayeijua, pesa nyingine zote unaweza kubana, si hii.

Na kama aliyebuni ni kijana uliyemuajiri, ongeeni mapema. Sheria inasema kitu kilichobuniwa ndani ya kazi aliyoajiriwa kuifanya ni cha mwajiri kama hamkuandikiana vingine, lakini kikiwa na thamani kubwa isiyotarajiwa yule kijana ana haki ya malipo ya ziada. Andikianeni ukurasa mmoja kabla hela hazijaingia. Nimeona marafiki wa tangu madrasa wakikosana kwa ukurasa huo tu kukosekana.

Hatua ya 8: Baraza ama makubaliano

Kesi ya kuingilia patenti haiendi kortini hapa Malindi kwanza, inaenda kwenye lile Baraza la Mali ya Viwandani, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Wanaweza kukuzuia kutengeneza na kukutoza fidia. Ni safari ndefu, hata kwa mwenye haki. Robert Kearns, yule Mmarekani aliyebuni waipa za kioo cha gari zinazofuta kwa kupumzika, aliishtaki Ford 1978 na wakamaliza 1990 kwa dola milioni 10.2. Jiulize gereji yako inaweza kungoja kiasi gani.

Kwa hivyo mara nyingi wenye akili wanakaa chini. Ukishapanga vile vipande vya madai, picha, risiti na katalogi, mpelekee nakala, mwambie tuongee. Mnaweza kukubaliana ubadilishe kipande kimoja ili utoke nje ya dai lake, mara nyingi ni kazi ya siku chache tu kwenye welding. Ama umlipe leseni, kiasi kwa kila kifaa, kwa eneo fulani na muda fulani. Leseni iwe kwa maandishi, mtie saini wote, isajiliwe KIPI. Mkubaliane nani atahesabu vifaa na kila baada ya muda gani, hapo ndo ugomvi wa pili huzaliwa. Muweke na kifungu kwamba malipo yanasimama siku patenti inapokwisha au inapofutwa. Na asubuhi ya siku ya kutia saini, kabla hujashika kalamu, ulizia tena KIPI kama ada ya mwaka huu imelipwa.